Maisha ya Bob Marley na Doa la Ukuchani

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika mji wetu yuko kinyozi mmoja ambaye wengi wetu humwendea siku ya Jumamosi tupatapo ruhusa ya kutoka shuleni. Ukutani mwa kibanda chake imebandikwa picha kubwa ya mtu mwenye nywele ndefu za kusokotana, ameshika gitaa, na macho ameyafumba kama mtu asaliye. Huwa nacheka moyoni kila nionapo kwamba mtu ambaye riziki yake ni kunyoa vichwa vya watu amechagua kutundika picha ya mtu asiyenyolewa. Mtu huyo ni Bob Marley, mwimbaji wa Jamaika. Nadhani hakuna msomaji wa gazeti letu asiyemjua. Picha yake imo katika mabasi na katika fulana, na nyimbo zake huimbwa hata na watoto ambao bado hawajafundishwa Kiingereza.

Muhula uliopita tulikuwa tumekaa kwa kinyozi huyo, tunangoja zamu, yakaanza mabishano juu ya kifo cha Bob Marley. Mmoja alisema kwamba alipigwa risasi. Wa pili alisema alitiliwa sumu. Wa tatu alisema kwamba alikanyagwa kidole katika mchezo wa mpira akafa kwa jeraha hilo. Mimi nilinyamaza, maana jambo hili la kidole lilinikumbusha babu yangu, na sikupenda kulisema mbele za watu. Nilipotoka pale nilikwenda katika maktaba yetu, na baadaye nikamwomba mwalimu wetu wa Baiolojia anisaidie kupata habari za kweli. Haya ninayoyaandika ni matunda ya kazi hiyo. Nawaomba mnisikilize mpaka mwisho, kwa sababu habari hii haimhusu Bob Marley peke yake.

Jina lake kamili ni Robert Nesta Marley. Alizaliwa tarehe 6 Februari 1945 katika kijiji cha Nine Mile, kilichoko milimani katika wilaya ya Saint Ann, kisiwani Jamaika. Wakati huo Jamaika ilikuwa koloni la Waingereza kama zilivyokuwa nchi zetu. Mama yake, Cedella Malcolm, alikuwa msichana Mweusi wa kijijini. Baba yake, Norval Marley, alikuwa Mzungu wa Jamaika, mtu mzima aliyempita mama kwa umri kwa miaka mingi sana. Baba huyo hakukaa na mwanawe. Mtoto alimwona mara chache tu, na mwaka 1955 baba alifariki. Basi Robert alilelewa na mama yake pamoja na babu yake mzaa mama, mzee Omeriah Malcolm, mkulima aliyeheshimiwa katika kijiji kile, ambaye pia alikuwa mjuzi wa dawa za miti.

Alipokuwa na umri wa yapata miaka kumi na miwili, mama yake alimchukua wakahamia Kingston, mji mkuu wa kisiwa, kutafuta maisha. Walikaa katika mtaa wa Trench Town, mtaa wa watu maskini. Huko alikuwa na rafiki yake Neville Livingston, ambaye watu walimwita Bunny, na baadaye akapatana na kijana mwingine, Peter Tosh. Watatu hawa walipenda kuimba. Walijifunza kwa mwimbaji mmoja wa mtaani, Joe Higgs, aliyekuwa akiwafundisha vijana bila malipo.

Mama yake hakuamini kwamba kuimba ni kazi, kama ambavyo wazazi wetu wengi hawaamini hata leo. Alimpeleka mwanawe ajifunze kazi ya kuchomelea vyuma. Siku moja kipande kidogo cha chuma kiliruka kikamwingia jichoni. Maumivu yalikuwa makali hata hakuweza kulala, ikabidi kipande kile kitolewe hospitali. Baada ya hapo aliiacha kazi ya vyuma akashika kuimba kabisa. Msomaji, nakuomba ukiweke akilini kisa hiki cha jicho, kwa sababu nitakirudia.

Mwaka 1962, mwaka ule ule Jamaika ilipopata uhuru, Robert alitoa sahani yake ya kwanza, akiwa na miaka kumi na saba. Mwaka uliofuata yeye na wenzake waliunda kundi lililokuja kuitwa The Wailers, na mwaka 1964 wimbo wao wa kuwaasa vijana wakorofi wa mjini wapoe ulishika nafasi ya kwanza katika Jamaika. Lakini sifa zilikuja na fedha hazikuja. Mwaka 1966 alimwoa Rita Anderson, na siku chache baadaye akaenda Marekani, alikokuwa amehamia mama yake, akafanya kazi za kibarua ili apate mtaji wa kurekodi nyimbo. Aliporudi alifuata imani ya Rasta, imani iliyokuwa na wafuasi wengi miongoni mwa maskini wa Jamaika, inayomtukuza Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia na kuiona Afrika kuwa ndiyo nyumbani.

Tangu mwaka 1973, kampuni moja ya London ilipotoa mkusanyo wa nyimbo zao, jina lake lilianza kuvuka bahari. Bunny na Peter waliondoka katika kundi, naye akaendelea na wapigaji wengine, na mkewe Rita akiwa mmoja wa waitikiaji. Mtindo wa rege, ambao zamani ulisikika katika vichochoro vya Kingston tu, ukasikika Ulaya, Marekani na Afrika.

Sasa nitasema juu ya risasi, kwa kuwa yule mwenzetu wa kwanza hakubuni jambo lote. Mwaka 1976 Jamaika ilikuwa katika joto la uchaguzi, na wafuasi wa vyama viwili walikuwa wakiuana mitaani. Marley alikubali kuimba bure katika mkutano wa kuwatuliza watu. Usiku wa tarehe 3 Desemba watu wenye bunduki waliingia nyumbani kwake, katika barabara ya Hope, wakafyatua risasi ovyo. Yeye alijeruhiwa kifuani na mkononi, Rita alipigwa kichwani, na meneja wake aliumizwa vibaya. Kwa rehema ya Mungu hapana aliyekufa. Siku mbili baadaye, akiwa na majeraha yake, alisimama jukwaani mbele ya maelfu ya watu akaimba. Kisha akaondoka Jamaika akaenda kukaa London. Risasi haikumwua. Yaliyomwua yalikuwa yakimngoja mahali pengine, padogo kuliko sarafu.

Bob Marley alipenda mpira wa miguu karibu sawasawa na muziki. Popote alipokwenda, mpira ulikuwa katika mizigo. Mwaka 1977, alipokuwa Paris katika safari ya kuimba, alicheza mpira akaumia kidole gumba cha mguu wa kulia. Kidole hicho kilikuwa kimewahi kuumia zamani pia. Kila mchezaji wa shule hii anajua jeraha la namna hiyo: ukucha hulegea, ukang'oka, mtu akafunga kitambaa akaendelea na mchezo. Lakini jeraha hili lilikataa kupona. Mwezi wa Julai mwaka huo madaktari walikata kipande kidogo cha nyama ya kidole wakakipima, wakaona kwamba chini ya ukucha mlikuwa na saratani ya ngozi iitwayo melanoma.

Hapa yafaa nieleze ugonjwa wenyewe. Ngozi ya mwanadamu ina chembe ambazo kazi yake ni kutengeneza rangi. Wenye ngozi nyeusi na wenye ngozi nyeupe wote wanazo, ila zetu hutoa rangi nyingi zaidi. Chembe hizo zikiharibika na kuanza kuongezeka pasipo kiasi, ndiyo melanoma. Wengi wetu tumezoea kusikia kwamba saratani ya ngozi ni ugonjwa wa Wazungu wanaojianika juani. Ni kweli kwamba Wazungu huupata zaidi, na jua ndilo huwaponza. Lakini iko aina moja ambayo haihitaji jua. Hutokea katika nyayo, katika viganja, na chini ya kucha, mahali ambapo jua halifiki sana, na kwa watu Weusi ndiyo aina ya melanoma inayoonekana zaidi. Hiyo ndiyo iliyompata Marley.

Tena yasifikiriwe kwamba mpira ndio uliompa saratani. Mchezaji aliyemkanyaga hana kosa la kubebeshwa. Lililo hakika ni kwamba jeraha la mpira hufanya mtu aitazame saratani na kuidhani kuwa ni jeraha la mpira, na kwa hiyo siku hupita, na miezi hupita.

Madaktari wa London walimshauri akatwe kidole. Yeye alikataa. Imani yake ya Rasta ilimtaka auweke mwili wake mzima kama alivyoumbwa, na yasemekana pia kwamba aliogopa kushindwa kucheza jukwaani na uwanjani. Alikwenda Miami, katika Marekani, ambako daktari mwingine aliutoa ukucha na nyama iliyo chini yake, akapaziba kwa ngozi iliyotolewa mahali pengine mwilini. Safari ya kuimba Marekani mwaka huo ilivunjwa. Jeraha likafunga, naye akasimama tena. Mimi simhukumu. Hakuna ajuaye kwa yakini kama kukatwa kidole mwaka 1977 kungemwokoa, maana haijulikani ugonjwa ulikuwa umekwisha kwenda umbali gani. Lakini madaktari wanajua hili: melanoma ikikutwa ingali nyembamba, haijazama hata milimita moja ndani ya ngozi, wagonjwa walio wengi sana huikata wakapona kabisa. Ikisha kuingia katika damu na kuenda mapafuni, katika ini na katika ubongo, kisu hakina la kufanya. Baina ya hali hizo mbili hupita muda, na huo muda ndio dawa au ndio sumu.

Miaka mitatu iliyofuata ilikuwa miaka mikubwa katika maisha yake. Tarehe 22 Aprili 1978 alirudi kuimba Kingston katika mkutano wa amani, akawaita jukwaani Waziri Mkuu Michael Manley na mpinzani wake Edward Seaga, akaiunganisha mikono yao juu ya kichwa chake mbele ya umati. Mwishoni mwa mwaka huo alikuja Afrika kwa mara ya kwanza, akafika Ethiopia, hata Shashamane, mahali ambapo Mfalme Haile Selassie aliwapa ardhi watu Weusi wa ng'ambo waliotaka kurudi. Mwaka 1979 alitoa mkusanyo wa nyimbo ambao jalada lake lilipambwa kwa bendera za nchi za Afrika. Ndani yake mlikuwa na wimbo juu ya Zimbabwe, nchi ambayo wakati huo ilikuwa bado ikipigania uhuru wake, na ambayo Tanzania na majirani zake walikuwa wakiisaidia.

Uhuru ulipofika, Marley alialikwa. Alisafirisha vyombo vyake kwa gharama yake mwenyewe mpaka Salisbury, mji ambao sasa huitwa Harare. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Aprili 1980, katika uwanja wa Rufaro, bendera ya Uingereza iliteremshwa, ya Zimbabwe ikapandishwa, naye akaimba. Watu waliokuwa nje ya uwanja walisukumana waingie, polisi wakarusha mabomu ya machozi, na moshi ukafika jukwaani. Ilibidi waimbaji waondoke kwa muda, kisha wakarudi wakaendelea. Nikiisoma habari hii najiuliza moyo wangu ungekuwaje kama ningalikuwa pale. Lakini najua vile vile kwamba ndani ya mwili wa mtu yule, usiku ule wa furaha, ugonjwa ulikuwa ukitembea bila kelele.

Miezi mitano tu baadaye mambo yakawa wazi. Mwezi wa Septemba 1980 aliimba siku mbili katika New York. Tarehe 21 alikwenda kukimbia mazoezi katika bustani ya Central Park, akaanguka. Alipopimwa ilionekana kwamba saratani imefika katika ubongo, mapafu na ini. Hata hivyo alisafiri mpaka mji wa Pittsburgh, na tarehe 23 Septemba akaimba kwa mara ya mwisho. Baada ya hapo alikwenda Ujerumani, kwa daktari Josef Issels, katika mji mdogo wa milimani huko Bavaria, akakaa huko miezi ya baridi. Nywele zake zile zinazoonekana katika picha ya kinyozi wetu zilikatika, na mwili ukakonda. Alipoona kwamba hatapona alitaka arudi Jamaika. Hakufika. Alizidiwa njiani, akafariki Miami tarehe 11 Mei 1981, akiwa na umri wa miaka thelathini na sita. Serikali ya Jamaika ilimzika kwa heshima za taifa, na kaburi lake liko Nine Mile, kijiji alichozaliwa.

Hayo ndiyo maisha ya Bob Marley kwa ufupi. Sasa naomba ruhusa ya kusema habari za mtu mwingine ambaye picha yake haikubandikwa mahali popote.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mkulima katika milima ya Uluguru. Alilima ndizi na mahindi katika miteremko, na siku zote za maisha yake alitembea peku shambani. Mwaka mmoja aliona doa jeusi katika kisigino cha mguu wa kushoto, kiasi cha punje ya mahindi. Alidhani ni mwiba uliovunjikia ndani. Bibi aliuchimba kwa wembe, lakini mwiba hakuuona. Ikawa kidonda. Waliweka majani, wakaweka majivu, na kidonda kikawa mara kinakauka mara kinafunguka. Mimi nilikuwa mtoto, na kazi yangu ilikuwa kumletea maji ya moto katika beseni akanda mguu. Nililiona doa lile jioni nyingi sana. Niliona kwamba limepanuka, na kwamba pembeni lina rangi mbili, nyeusi na ya samawati, nisijue kwamba macho yangu yanasoma habari kubwa. Halikumwuma sana, na kwa kuwa halikumwuma hakwenda hospitali. Kulikuwa na mavuno, kulikuwa na nauli ya kutafutwa, na zaidi ya yote kulikuwa na hofu ya kukatwa mguu, maana mkulima wa milimani asiye na mguu atapandaje shambani?

Baada ya miaka miwili alitokwa na mtoki mkubwa katika paja. Hapo ndipo baba alipomchukua kwa nguvu akampeleka hospitali ya mkoa. Daktari alimpima akatueleza kwa upole kwamba ugonjwa umekwisha kupanda. Babu alifariki nilipokuwa darasa la tano.

Sasa nakirudia kile kisa cha jicho. Kipande cha chuma kilipomwingia Marley jichoni, kilimwuma, na kilitolewa. Maumivu yalikuwa mlinzi wake. Mwiba ukikuchoma, huwezi kusahau. Lakini saratani ya ngozi katika mwanzo wake mara nyingi haiumi, wala haiwashi, wala haimzuii mtu kulima au kucheza mpira. Bob Marley alikuwa na fedha za kumlipa daktari ye yote duniani. Babu yangu hakuwa na nauli ya kufika mjini. Wote wawili waliogopa kukatwa, na wote wawili walichukuliwa na doa dogo la mguuni. Kwa hiyo nasema kwamba fedha ni kitu kizuri, lakini katika jambo hili macho yako mwenyewe, ukiyatumia mapema, yana nguvu kupita fedha zinazokuja zimechelewa.

Basi tuangalie nini? Mwalimu wetu alinisaidia kuyapanga haya, nami nimeyaandika kwa maneno mepesi. Tazama nyayo zako, katikati ya vidole, viganja vyako na kucha zote ishirini. Ukiona doa jipya jeusi katika unyayo au kiganja linalokua, au ambalo upande wake mmoja haufanani na mwingine, au kingo zake zimekatika-katika, au lina rangi zaidi ya moja, au limepita upana wa milimita 6, lionyeshe. Ukiona mstari mweusi chini ya ukucha mmoja, nao unapanuka, au weusi wake umetoka ukuchani ukaingia katika ngozi iliyo kando, uonyeshe upesi. Ukiwa na kidonda cha ngozi kisichopona kwa majuma manne, kionyeshe.

Wala usiingiwe na hofu bure. Watu Weusi wengi wana mistari myeusi katika kucha kadhaa tangu ujana, na haina madhara. Tena damu iliyovilia chini ya ukucha baada ya kukanyagwa huonekana nyeusi vile vile. Lakini damu hiyo husogea mbele kadiri ukucha unavyokua, mpaka siku moja ukaikata pamoja na ukucha, ingawa kwa kidole gumba cha mguu yaweza kuchukua mwaka na zaidi. Doa lisilosogea, au linalorudi pale pale, si damu ya mpira. Usilichimbe kwa wembe, usilichome, usilipake majivu. Nenda zahanati, na ukiambiwa ni ukungu wa kucha ukapewa dawa, nalo lisipopungua, rudi tena uombe barua ya kwenda hospitali kubwa. Huko hukatwa kipande kidogo kikatazamwa kwa hadubini, na hapo ndipo ukweli hujulikana. Tunayo Hospitali ya KCMC mjini Moshi yenye wataalamu wa ngozi, na tunayo Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam.

Jambo la mwisho. Nimesema kwamba aina iliyomwua Marley haitokani na jua. Lakini katika shule yetu wako wenzetu wenye ualbino, ambao ngozi yao haina rangi ya kuwakinga, na kwao jua ndilo adui. Saratani zinazowapata wao ni za aina nyingine, huanza usoni, masikioni, shingoni na mikononi kama magamba au vidonda vidogo visivyopona, na nyingi zingezuilika. Kinga yao ni kofia yenye ukingo mpana, nguo za mikono mirefu, kivuli, na mafuta ya kukinga jua yanayopakwa tena kila baada ya saa mbili. Kule Moshi yamekuwa yakitengenezwa mafuta yaitwayo Kilisun kwa ajili yao. Jua kali ni la tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Basi mwenzetu akiomba kukaa mbali na dirisha, au akivaa kofia katika paredi, au akipewa kazi ya kivulini wakati sisi tunafyeka, tusimwite mvivu wala tusimwonee wivu. Anailinda roho yake.

Kila Jumatatu mwalimu wa zamu hutukagua kucha za mikono, nasi huzikata Jumapili usiku kwa kuogopa adhabu. Kucha za miguu zimo ndani ya viatu na hapana anayezikagua. Napendekeza kila mmoja wetu awe mkaguzi wa miguu yake mwenyewe. Mara moja kwa mwezi, ukiisha kuoga, kaa juu ya ndoo yako, inua mguu, tazama unyayo kwenye mwanga. Ni kazi ya dakika mbili. Na likizo itakapofika, mletee babu yako au bibi yako maji ya moto katika beseni, umwoshe miguu, na umtazame nyayo. Mimi niliyatazama madoa bila kujua. Ninyi sasa mnajua.

Nimemweleza kinyozi wetu habari hizi zote. Alisimamisha mashine akanisikiliza, kisha akavua kiatu cha kulia pale pale mbele ya wateja, akatazama. Hakuwa na kitu. Wateja walicheka, lakini wawili kati yao niliwaona wanainama kufungua kamba za viatu.